Nyumba Njema Si Mlango: Uhakiki wa Picha za Madaraja Yenye Paa ya Zanzibar na Lamu, na Funzo Lake kwa Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna madaraja yenye paa ya majumba ya pwani ya Afrika Mashariki yalivyopigwa picha, pamoja na maneno yaliyotumika kuyaeleza. Hoja kuu ni kwamba picha huhifadhi umbo la nje la daraja la aina hii, ilhali matumizi yake, ambayo ndiyo sababu ya kujengwa kwake, huhifadhiwa na lugha. Mifano inayochunguzwa ni madaraja yaliyounganisha majumba ya kifalme ya Zanzibar kabla ya mwaka 1896 na wikio wa mji wa Lamu. Kisha hoja hiyo inapimwa kwa kuangalia picha za Bujumbura: jiwe la Mugere, soko kuu lililoungua mwaka 2013 na mtaa wa Buyenzi. Makala yanapendekeza kwamba mipango ya kuhifadhi picha katika Afrika Mashariki iweke uandishi wa maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji katika bajeti ileile inayogharamia kamera na mitambo ya kunakilia.

1.0 Utangulizi

Historia ya Bujumbura katika picha iliandikwa kwanza kwa lugha za wageni. Mji ulipokuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, ukiitwa Usumbura, picha zake zilipewa maelezo kwa Kijerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipoitawala Ruanda-Urundi, maelezo yaliandikwa kwa Kifaransa. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mji ukaitwa Bujumbura, sehemu kubwa ya picha hizo ilikuwa imekwisha kuwekwa katika hifadhi za Ulaya. Leo picha hizo zinarejea kwa njia ya intaneti. Zinarejea, hata hivyo, zikiwa na maneno yaleyale zilizoondoka nayo.

Mjadala wa urithi wa picha katika ukanda wetu umejikita zaidi katika suala la umiliki: picha ni za nani, ziko wapi, na zirudishwe vipi. Suala hilo ni zito na linastahili uzito linaopewa. Lakini lipo suala la pili ambalo halijapewa nafasi ya kutosha, nalo ni la lugha. Picha ikirudi Bujumbura leo, mkazi wa Buyenzi ataitafuta kwa neno gani? Na akiipata, maneno yaliyo chini yake yatamwambia nini kuhusu kitu anachokitazama?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kupitia mfano ulio mbali kidogo na Bujumbura, yaani daraja lenye paa la majumba ya pwani. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu ndio mtihani mgumu zaidi. Jengo la kawaida hueleza angalau sehemu ya kazi yake kwa sura yake: msikiti una mihirabu na mnara, soko lina meza na wauzaji. Daraja lenye paa lilijengwa ili wapitao ndani yake wasionekane. Mwenye kulipiga picha kwa nje hupata kila kitu isipokuwa kile lilichojengewa. Ikiwa picha inashindwa hapa, sababu za kushindwa kwake zitaonekana waziwazi, na zitasaidia kuzisoma picha ambazo kushindwa kwake kumejificha.

2.0 Maneno Mawili ya Daraja

Neno daraja katika Kiswahili lina asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya ngazi, kipandio au cheo. Kiswahili kimeibakiza maana ya cheo, kama tunaposema mtu amepandishwa daraja, na kikaongeza maana ya kivuko kilichojengwa juu ya maji au bonde. Katika maana hii ya pili, daraja ni mali ya umma: kila mtu hulipita, na kila mtu humwona anayelipita.

Mjini Zanzibar neno hilo limehifadhi historia ambayo macho hayawezi tena kuithibitisha. Eneo la Darajani limeitwa hivyo kwa sababu ya daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo hadi katikati ya karne ya 20, na daraja halipo. Hata hivyo, anayekwenda sokoni bado anakwenda Darajani, na anayeishi upande wa pili bado anaishi Ng'ambo. Majina hayo mawili yanatosha kumjulisha mgeni kwamba hapa palikuwa na maji, kwamba maji yalivukwa, na kwamba waliotoa majina hayo waliutazama mji kutoka upande wa Mji Mkongwe. Hakuna picha moja inayoweza kusema mambo hayo matatu kwa pamoja.

Lamu inalo neno lingine, wikio, linalotaja kivuko cha aina tofauti kabisa. Wikio ni chumba au ujia uliojengwa juu ya uchochoro, kwenye ghorofa, ukiunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Ujenzi wake unatokana na ujenzi wa nyumba zenyewe. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu. Kwa kuwa vichochoro vya Lamu ni vyembamba, boriti hizohizo zinazobeba dari ya chumba ziliweza kuvuka uchochoro na kubeba chumba juu yake. Kwa hiyo, kiufundi, wikio ni chumba kilichovuka njia.

Matumizi yake yalifungamana na mpangilio wa ukoo. Katika familia zilizokuwa na uwezo, binti aliyeolewa alipewa nyumba, na ilipendelewa nyumba hiyo iwe karibu na ya mama yake. Pale nyumba mpya ilipokuwa ng'ambo ya uchochoro, wikio uliwawezesha wanawake wa nyumba hizo kutembeleana, kuuguzana na kusaidiana katika shughuli bila ya kushuka njiani. Neno stara linaeleza sehemu ya jambo hili, nalo neno udugu linaeleza sehemu nyingine. Ukiliita jengo hilo daraja bila ya kuongeza neno, umepoteza sehemu zote mbili.

3.0 Majumba ya Forodhani Mbele ya Kamera

Mfano mkubwa wa madaraja ya aina hii ulikuwa Zanzibar, katika safu ya majumba ya kifalme yaliyoelekea bahari. Beit al-Sahel lilijengwa wakati wa Seyyid Said bin Sultan. Beit al-Hukm lilikuwa makazi ya wanawake wa nyumba ya kifalme. Mwaka 1883 Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Majumba haya yaliunganishwa na madaraja yenye paa kwenye ghorofa, ili wanawake wa kifalme waweze kutoka jumba moja kwenda jingine bila ya kuonekana na watu wa chini.

Safu hiyo ni miongoni mwa mandhari zilizopigwa picha mara nyingi zaidi katika Afrika Mashariki ya karne ya 19. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wa kudumu mapema, na studio ya A. C. Gomes ni mojawapo ya zile zilizojulikana sana. Picha zao ziliuzwa kwa mabaharia, wafanyabiashara na maofisa, na baadaye zikachapwa kama postikadi. Kwa namna hiyo, sura ya mbele ya Jumba la Maajabu, na nguzo na baraza zake, ikawa sura ya Zanzibar kwa ulimwengu.

Inafaa kuuliza ni nini kilichoamua sura hiyo. Sababu ya kwanza ni mahali aliposimama mpiga picha. Nafasi ya kutosha kuyaingiza majumba yote katika picha moja ilipatikana baharini au ufukweni, na ndiko mteja wa picha hizo alikokuwa akitokea. Kutoka huko, daraja lililoko kati ya majumba mawili yaliyopangwa kwa mstari mmoja haliwezi kuonekana ila kama kipande kifupi baina ya kuta mbili kubwa. Sababu ya pili ni ya kiufundi. Mabamba ya kioo yaliyotumika hadi miaka ya 1870 yalihitaji kupakwa dawa na kutumiwa yakiwa bado mabichi, na yalihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Kuta nyeupe za chokaa zilizopigwa na jua la pwani zilijaa katika bamba upesi, na kila kilichokuwa kivulini kikabaki cheusi. Mabamba makavu yaliyoenea katika miaka ya 1880 yalipunguza tatizo hilo bila ya kuliondoa. Sababu ya tatu ni ya kijamii: ndani ya daraja hapakuwa mahali pa mwanamume mgeni, awe na kamera au asiwe nayo.

Maelezo ya kutoka ndani yapo, lakini hayakutoka kwa wapiga picha. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anataja daraja lililounganisha Beit al-Sahel na nyumba iliyokuwa jirani yake, likipita juu ya hamamu. Daraja analolizungumzia ni la kabla ya Jumba la Maajabu, na kwa mwandishi huyu ni njia ya kila siku ya mtoto wa nyumba hiyo, mahali ambapo watu na habari hupita. Msomaji wa kumbukumbu hizo hupata kile ambacho picha zote za ufukweni hazikipati, yaani kwamba majumba yale yalikuwa nyumba moja. Ni jambo la kusikitisha kwa historia ya Kiswahili kwamba maelezo hayo ya ndani yaliandikwa mbali na kwa lugha ya mbali, lakini angalau yaliandikwa.

Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza ziliyapiga majumba hayo kwa mizinga ili kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa ameshika kiti cha usultani siku mbili kabla, baada ya kifo cha Hamad bin Thuwaini. Shambulio halikufika saa moja. Beit al-Hukm na Beit al-Sahel yaliharibiwa vibaya. Jumba la Maajabu lilipata madhara madogo. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika, na mwaka uliofuata jumba lenyewe likaongezewa mnara wa saa. Jumba jingine la kifalme lilijengwa mahali pa Beit al-Sahel. Beit al-Hukm halikujengwa tena, na mahali pake pakawa bustani. Madaraja yakatoweka pamoja na jumba yaliloliunganisha.

Baada ya shambulio hilo wapiga picha walikuja. Picha za magofu zilizosambaa zinaonyesha kuta zilizobomoka na vyumba vilivyo wazi. Uhakiki wa picha hizi hauna budi kusema wazi kinachotokea ndani yake. Makazi ya wanawake, ambayo kwa miongo kadhaa yalifungwa kwa macho ya nje, yanaonekana kwa mara ya kwanza yakiwa yamevunjwa. Picha inamweka mtazamaji mahali pa aliyepiga mizinga na kumwonyesha matokeo. Anayeiona bila ya maelezo ataona ushindi, au ataona uharibifu, kutegemea upande wake. Hataona kwamba palikuwa na njia hapo, na nani alipita. Katika historia ya picha za Zanzibar, daraja lilipata kuonekana wazi pale tu lilipokwisha kuwa gofu.

4.0 Wikio na Mpiga Picha wa Leo

Mtu anaweza kudai kwamba hayo ni matatizo ya karne ya 19 na kwamba kamera za leo zimeyamaliza. Lamu inatoa fursa ya kulipima dai hilo, kwa kuwa mji huo, uliowekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, bado una vichochoro vilivyofunikwa.

Picha ya kawaida ya wikio hupigwa kutoka chini, katikati ya uchochoro. Kuta mbili zinapanda, kivuli kinakatiza juu, na mbele yake kuna mwanga. Mara nyingi kuna punda au mtu anayepita. Ni picha inayovutia, na uzuri wake unatokana na tofauti ya mwanga na giza. Lakini katika mpangilio huo wikio umegeuzwa kuwa fremu ya uchochoro. Mtazamaji anavutwa kuangalia mwanga ulioko mbele, na kile kilichoko juu yake kinabaki kuwa giza la kupendezesha picha. Mchana jua likiwa kali, kamera ya kisasa nayo hulazimika kuchagua: ama anga na kuta zilizoangazwa, ama upande wa chini wa wikio na boriti zake. Wapiga picha wengi huchagua la kwanza.

Upigaji ulio makini zaidi unawezekana, na unahitaji subira kuliko vifaa. Mwanga wa asubuhi mapema, au wa siku yenye mawingu, hupunguza tofauti ya mwanga na kuziacha boriti zionekane. Picha ya pili inayopigwa kutoka juu ya paa la jirani huonyesha nyumba mbili kama kitu kimoja. Picha ya tatu, ya ndani, hutegemea ridhaa ya wenye nyumba, na ridhaa hiyo inapokosekana, kutokuwepo kwa picha nako ni taarifa inayopaswa kuandikwa. Seti ya picha tatu zenye maelezo ni bora kuliko picha mia za uchochoro uleule.

Hapa kuna jambo la maadili ambalo halipaswi kurukwa. Wikio ulijengwa kwa ajili ya stara, na kuupiga picha kwa ndani ni kugusa stara hiyo. Hifadhi ya urithi haina haki ya kufungua kila mlango kwa jina la elimu. Lugha inatoa njia ya kati. Mwenye nyumba anayekataa kamera anaweza kukubali kusimulia: nani alijenga, alijengewa nani, ulipitwa wakati gani, na kwa nini umefungwa. Methali isemayo nyumba njema si mlango humtaka mgeni aingie ndani kabla ya kuhukumu. Pale ambapo mgeni hawezi kuingia, msimulizi humtolea ya ndani.

5.0 Neno Lisilokuwemo Katika Katalogi

Kwa watunga sera, suala hili lina upande wa kiutendaji ambao ni rahisi kuupuuza. Hifadhi za picha za kidijitali hutafutwa kwa maneno. Mashine humtafutia msomaji maneno yaliyoandikwa katika rekodi, si vitu vilivyomo katika picha. Mkusanyiko wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya takriban 1860 na 1960, umeelezwa kwa Kiingereza. Hifadhi ya picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani iliyoko Frankfurt imejengwa juu ya maelezo ya Kijerumani. Makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji hufanya kazi kwa lugha za nchi hiyo na Kiingereza. Taasisi hizo zimefanya kazi kubwa ya kuzitunza picha na kuzifungua kwa umma, na jambo hilo lastahili kutambuliwa.

Hata hivyo, mtafiti wa Lamu anayetafuta wikio, au mwanafunzi wa Bujumbura anayetafuta kitu kwa jina analolijua nyumbani kwao, lazima kwanza akisie ofisa wa kikoloni alikiitaje kitu hicho. Asipokisia vema, picha haipo kwake, ingawa imehifadhiwa na inapatikana bila malipo. Madhara yake ni makubwa kuliko usumbufu wa mtafiti mmoja. Rekodi hizo sasa zinatumika kufundishia programu za kompyuta zinazotambua na kueleza picha. Istilahi isiyokuwemo katika rekodi haitajifunzwa, na kosa la maelezo ya mwaka 1900 linaweza kuzalishwa upya mara nyingi bila ya mtu kujua lilikotoka.

6.0 Bujumbura: Mahali Pasipo na Wikio

Bujumbura haina wikio. Historia yake ya ujenzi ni nyingine. Lakini mahusiano ya picha, matumizi na neno yaliyoonekana pwani yanaonekana pia hapa, na mifano mitatu inatosha kuyaonyesha.

Mfano wa kwanza ni jiwe la Mugere, kusini mwa mji, katika njia ya kuelekea Rumonge. Jiwe hilo limechongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni hupiga picha mbele yake, na maelezo yanayosambaa pamoja na picha hizo mara nyingi husema kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji kabla ya tarehe hiyo. Walifika upande huu wakati wa safari yao ya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, walipokwenda kuthibitisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona kwamba unaingia. Picha ya jiwe ni ya kweli, tarehe iliyochongwa ni ya safari ya kweli, na maelezo ni ya uongo. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba uongo huo umeifunika habari iliyo bora kwa wakazi wa bonde la Rusizi: kwamba mto wao ulikuwa kiini cha swali kubwa la jiografia la wakati ule, swali ambalo wavuvi wa ziwa hawakuwa na sababu ya kuliuliza.

Mfano wa pili ni soko kuu la Bujumbura, lililokuwa na paa kubwa katikati ya mji, na lililoungua Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Picha za soko hilo zilizoenea duniani ni za moshi na moto. Kama ilivyokuwa kwa Beit al-Hukm, jengo lilipata kutazamwa na wengi siku lilipoharibiwa. Picha hizo ni ushahidi wa lazima, kwa sababu maelfu ya watu walipoteza mtaji wao. Lakini hazisemi soko lilipangwaje: wapi paliuzwa vitenge, wapi ndagala na mukeke wa ziwani, nani alikuwa na meza na nani aliuza kwa kutembeza, na bei ilipatanwa kwa lugha gani. Kwa kiasi kikubwa ilipatanwa kwa Kiswahili na Kirundi. Maarifa hayo yamo vichwani mwa wafanyabiashara waliolitumia, ambao wengi wao wako hai na wanaendelea na kazi katika masoko mengine ya mji. Kazi ya kuyaandika inawezekana leo. Baada ya miaka thelathini haitawezekana.

Mfano wa tatu ni Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa, na ambao wakazi wake wa mwanzo walikuwa na asili za pwani, Kongo na Burundi kwenyewe. Picha za Buyenzi hupigwa mara nyingi kama picha za msongamano: barabara zilizopewa namba, mafundi, magari, misikiti, watu wengi. Kinachokosekana ni majina ambayo wakazi wenyewe wamezipa pembe, viwanja na nyumba mashuhuri. Namba ya barabara ilitolewa na utawala. Jina la pembe lilitolewa na wakazi. Darajani imetuonyesha kwamba jina la pili ndilo linaloweza kuishi muda mrefu kuliko kitu chenyewe, kwa sharti moja tu, kwamba waendelee kuwepo watu wa kulitamka au liandikwe mahali.

7.0 Pingamizi Mbili

Hoja ya makala haya inaweza kupingwa kwa njia mbili. Pingamizi la kwanza ni kwamba neno kama wikio ni la lahaja za kaskazini na halifahamiki kwa Waswahili wengi, achilia mbali Mrundi. Kuliingiza katika maelezo ya picha ni kubadilisha fumbo moja kwa jingine. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Jibu ni kwamba maelezo mazuri hayatumii neno peke yake. Hulitaja, husema linatumika wapi, na hulifafanua kwa Kiswahili cha kawaida kwa sentensi moja. Kwa njia hiyo msomaji wa Bujumbura hujifunza neno la Lamu, na kwa njia hiyohiyo msomaji wa Lamu anaweza kujifunza kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika huitwa ndagala. Kiswahili sanifu kitanufaika kwa pande zote mbili.

Pingamizi la pili ni la gharama. Nchi zenye mahitaji mengi ya dharura zitatoa wapi fedha za kuandika maelezo ya picha? Hapa ni vema kukumbuka kilichotokea Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu iliporomoka, na watu walipoteza maisha. Jengo lenyewe likitetereka, wahifadhi hutegemea picha, michoro na maelezo kujua kilichokuwepo. Maelezo hafifu hugeuka kuwa gharama wakati wa ukarabati. Isitoshe, kuandika maelezo ni kazi inayohitaji wazee wanaojua, vijana wanaoandika na wahariri wanaosahihisha. Ukilinganisha na mitambo inayoagizwa kutoka nje, ni sehemu ya bei nafuu katika mradi wowote wa kidijitali. Kinachopungua ni uamuzi wa kuihesabu kuwa kazi.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne kwa taasisi za urithi, vyuo vikuu na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar.

Kwanza, kila picha ya jengo au mahali inayoingizwa katika hifadhi ya nchi wanachama iwe na maelezo yanayotaja jina la kitu kwa lugha ya wenyeji, matumizi yake, na mahali aliposimama mpiga picha. Kipengele hiki cha mwisho ni muhimu kwa kuwa humwonyesha msomaji ni nini ambacho kamera haikuweza kukiona.

Pili, maelezo ya awali ya kikoloni yasifutwe. Yaachwe kama yalivyo, yakitambulishwa lugha yake na wakati wake, na maelezo mapya yawekwe kando yake. Kufuta kosa la zamani ni kumnyima mtafiti ushahidi wa namna kosa hilo lilivyozaliwa.

Tatu, makubaliano ya kurejesha nakala za picha kutoka Ulaya na Marekani yawe na kifungu kinachoruhusu na kugharamia maelezo kwa Kiswahili, Kirundi na lugha nyingine husika, na maelezo hayo yaingizwe pia katika rekodi ya taasisi iliyotoa nakala. Picha inayoelezwa vizuri Bujumbura na vibaya kule inakohifadhiwa itaendelea kupotosha.

Nne, Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na inayofundisha Kiswahili shuleni, ianze na soko kuu na Buyenzi. Sababu ya kuanza huko ni ya muda: mashahidi wapo. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya Bujumbura wanaweza kupewa kazi ya kukusanya maelezo hayo kama sehemu ya masomo yao, na kazi hiyo ikawa mafunzo ya istilahi, ya usimulizi na ya uhariri kwa wakati mmoja.

Madaraja ya majumba ya Zanzibar hayatajengwa tena, na hakuna kamera itakayorudi nyuma kabla ya Agosti 1896. Tunachojua kuhusu waliopita humo tunakijua kwa sababu mmoja wao aliandika. Soko kuu la Bujumbura halina bado mwandishi wake, lakini waliolitumia wanapatikana kila asubuhi katika masoko ya Buyenzi na kwingineko mjini, na lugha ya kuwauliza wanayo.